Kiunganishi na Nomino Ambatani: Kutoka Kiingereza hadi Kiswahili katika Mazingira ya Mumbuni, Machakos

IKISIRI

Katika Kiingereza, nomino moja huweza kutangulia nyingine bila kiungo chochote, na ambatani inayotokea hufuata viunganishi vya kila aina bila kubadilika. Kiswahili hakina uhuru huo. Makala haya yanachunguza yanayotokea pale mwanafunzi anapohamisha ambatani ya Kiingereza pamoja na kiunganishi kilichoitangulia na kuvitia katika sentensi ya Kiswahili. Mifano imetungwa kutokana na mazingira ya kilimo na maji ya Machakos. Inadaiwa kwamba makosa mengi ya aina hii hayasababishwi na Kikamba, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali na mpangilio wa Kiingereza. Na kwamba kiunganishi chenyewe chaweza kutumiwa darasani kama chombo cha kuyatambua na kuyarekebisha.

1.0 UTANGULIZI

Mumbuni iko kando ya mji wa Machakos, katika eneo ambalo wenyeji wake wengi huzungumza Kikamba. Mwanafunzi wa shule ya upili katika mazingira haya huishi na lugha tatu. Kikamba hukisikia nyumbani, Kiswahili hukitumia sokoni na kukisoma darasani, nacho Kiingereza ndicho anachofundishiwa masomo mengi. Kwa hiyo dhana kama vile "soil erosion", "crop rotation" na "rainwater harvesting" huzipata kwanza kwa Kiingereza katika vipindi vya jiografia na kilimo. Siku anapotakiwa kuandika insha ya Kiswahili kuhusu ukame au utunzaji wa mazingira, dhana hizo humjia zikiwa tayari zimevaa sura ya Kiingereza.

Suala hili halihusu darasa peke yake. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, wananchi wamekuwa wakitarajiwa kushiriki katika kujadili mipango na bajeti. Tangazo linapotafsiriwa kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, "na" moja iliyowekwa vibaya yaweza kumfanya mkulima asijue kama msaada unaotangazwa unamhusu au haumhusu. Hapo sarufi huwa si suala la alama za mtihani tu, bali la haki ya mtu.

Katika makala haya, alama ya nyota (*) inaonyesha muundo usiokubalika katika Kiswahili sanifu.

2.0 AMBATANI YA KIINGEREZA NA MWENZAKE WA KISWAHILI

Katika ambatani ya kawaida ya Kiingereza, nomino kuu huwa ya mwisho. "Maize farmer" ni aina ya mkulima, si aina ya mahindi. "Rainwater" ni aina ya maji, si aina ya mvua. Nomino inayofafanua hutangulia, na mara nyingi hubaki katika umoja hata pale inapohusu vitu vingi. Mwandishi aweza kurundika nomino kadhaa kwa utaratibu huo huo, kwa mfano "rainwater harvesting project committee", na msomaji hulazimika kungoja hadi neno la mwisho ndipo ajue kwamba kinachozungumziwa ni kamati.

Kiswahili huanza na nomino kuu. Dhana iliyo ambatani katika Kiingereza huwasilishwa kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni nomino ambatani halisi, yaani maneno mawili yaliyounganika yakawa neno moja:

(1) a. mwanasheria, mwanasiasa, mwanachama
b. kipimajoto, kinasasauti, kifunguakinywa
c. pembetatu, chemshabongo

Njia ya pili, ambayo ndiyo inayotumika zaidi, ni kirai nomino chenye a-unganifu:

(2) a. mkulima wa mahindi
b. maji ya mvua
c. mmomonyoko wa udongo
d. kamati ya mradi wa kuvuna maji ya mvua

Mfano wa (2d) ni kioo cha ambatani ndefu iliyotajwa hapo juu. Mpangilio umepinduliwa wote: kamati, iliyokuwa ya mwisho, imekuwa ya kwanza, na kila nomino fafanuzi imeunganishwa na iliyoitangulia kwa a-unganifu inayokubaliana na ngeli husika.

Ni muhimu kukumbuka kwamba Kikamba, kikiwa lugha ya Kibantu, hufuata utaratibu huu huu. Maji ya mvua huitwa "kĩw'ũ kya mbua": nomino kuu imetangulia, kiungo kinakubaliana na ngeli yake, kisha nomino fafanuzi inafuata. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mumbuni anapokosea mpangilio huu, si sahihi kuharakisha kulaumu lugha ya kwanza. Lugha ya kwanza ilikwisha kumpa muundo ufaao. Aliyempotosha ni Kiingereza cha vitabu.

Athari ya kwanza ya Kiingereza huonekana katika upatanisho. Katika Kiingereza, kwa kuwa nomino kuu ni ya mwisho, hukaa karibu na kitenzi. Katika Kiswahili nomino kuu hukaa mbali, na jirani wa kitenzi huwa nomino fafanuzi. Mwanafunzi aliyezoea kupatanisha kitenzi na jirani yake huandika:

(3) a. *Uvunaji wa maji ya mvua yamewasaidia wakulima.
b. Uvunaji wa maji ya mvua umewasaidia wakulima.

(4) a. *Chama cha wakulima wa maembe wamesajiliwa.
b. Chama cha wakulima wa maembe kimesajiliwa.

Katika (3a) kitenzi kimepatanishwa na maji, na katika (4a) kimepatanishwa na wakulima. Kilichosaidia ni uvunaji, nacho kilichosajiliwa ni chama. Kosa hili huongezeka kirai kinaporefuka, hasa kinapokuja baada ya kiunganishi katikati ya sentensi, kwa sababu mwandishi huwa amekwisha kuisahau nomino aliyoanza nayo.

3.0 KIUNGANISHI KAMA KIPIMO CHA NOMINO AMBATANI

Wanafunzi wengi huuliza: Je, ni lini maneno mawili huwa nomino ambatani, na ni lini hubaki kuwa kirai? Tahajia haitoshi kujibu swali hili, maana waandishi hutofautiana katika kuunganisha na kutenganisha maneno. Kiunganishi "na" hutoa kipimo rahisi zaidi. Iwapo sehemu ya pili yaweza kuunganishwa na nomino nyingine bila kurudia sehemu ya kwanza, muundo huo ni kirai. Iwapo haiwezekani, muundo huo ni neno moja.

(5) a. maji ya mvua na mito
b. wakulima wa mahindi na maharagwe

(6) a. *wanasheria na siasa
b. wanasheria na wanasiasa

(7) a. *kipimajoto na mvua
b. kipimajoto na kipimamvua

Katika (5), "na" imeingia ndani ya kirai na kuunganisha nomino fafanuzi mbili. Katika (6a) na (7a), "na" imekataliwa, kwani neno halifunguki ili kiunganishi kiingie. Mtu akisema "wanasheria na siasa", msikilizaji ataelewa watu kwa upande mmoja na shughuli kwa upande wa pili, wala hataelewa makundi mawili ya watu.

Kipimo hiki chaweza kutumika katika istilahi iliyoifanya Machakos ijulikane katika maandishi ya uhifadhi wa udongo: fanya juu. Katika mbinu hii mkulima huchimba mtaro kufuata kontua, kisha hutupa udongo upande wa juu wa mteremko ili uwe tuta. Udongo ukitupwa upande wa chini, mbinu huitwa fanya chini. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu chao More People, Less Erosion, kilichoeleza jinsi ardhi ya Wilaya ya Machakos ya wakati huo ilivyorudishiwa uhai ingawa idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano kati ya miaka ya 1930 na 1990. Matuta yalikuwa sehemu kubwa ya maelezo hayo.

Waandishi wa Kiingereza waliichukua "fanya juu" kama ilivyo na kuifanya nomino fafanuzi: "fanya juu terraces". Hapa Kiswahili kimeingizwa katika ambatani ya Kiingereza. Mwanafunzi anayekirudisha Kiswahili nyumbani kwao hana budi kupindua mpangilio, aandike "matuta ya fanya juu", si *"fanya juu matuta". Na akitaka kutaja mbinu zote mbili, kiunganishi kitamwonyesha jambo jingine:

(8) a. *matuta ya fanya juu na chini
b. matuta ya fanya juu na fanya chini

Katika (8a) msomaji ataelewa jambo moja lifanywalo juu na chini, ilhali kinachokusudiwa ni mbinu mbili. Hivyo "fanya juu", ijapokuwa huandikwa kama maneno mawili na asili yake ni kitenzi na kielezi, imekwisha kuwa nomino ambatani. Tahajia inaificha hali hiyo, lakini kiunganishi kinaifichua.

4.0 VIUNGANISHI TEGEMEZI: KIRAI AU KISHAZI?

Ambatani za Kiingereza aghalabu huficha tendo ndani ya nomino. "Soil erosion" ni tendo la udongo kumomonyoka. "Crop failure" ni hali ya mimea kutozaa. "Land preparation" ni kazi ya kutayarisha shamba. Aidha, baadhi ya maneno ya Kiingereza kama vile "before", "after" na "since" hufuatwa na nomino au na kishazi bila kubadilika umbo. Kiswahili hutofautisha hali hizo mbili kwa uangalifu:

(9) a. kabla ya mvua
b. kabla ya mvua kunyesha
c. kabla mvua haijanyesha

Katika (9a) na (9b) kuna "ya", kwa sababu kinachofuata ni nomino au kitenzi-jina. Katika (9c) hakuna "ya", kwa sababu kinachofuata ni kishazi chenye kitenzi kilichokamilika, na kitenzi hicho huja katika hali ya ukanushi yenye kiambishi -ja-. Tofauti kama hii hujitokeza katika jozi zifuatazo:

(10) a. *Kwa sababu mmomonyoko wa udongo, mavuno yalipungua.
b. Kwa sababu ya mmomonyoko wa udongo, mavuno yalipungua.
c. Kwa sababu udongo ulimomonyoka, mavuno yalipungua.

(11) a. *Ingawa ukosefu wa mvua, walipanda mtama.
b. Licha ya ukosefu wa mvua, walipanda mtama.
c. Ingawa mvua ilikosekana, walipanda mtama.

Sentensi za (10a) na (11a) zina kasoro moja: kiunganishi kimeahidi kishazi, lakini kilichofuata ni kirai kisicho na kitenzi. Kosa la kinyume nalo hutokea, mwanafunzi anapoandika *"kwa sababu ya mvua ilikosekana". Hapo "ya" imeahidi nomino, kikatokea kishazi.

Sentensi za (b) na (c) zote ni sahihi, lakini hazifanyi kazi sawa. Kirai hufupisha, kishazi hufafanua. Kishazi humlazimu mwandishi kutaja njeo na kuchagua kauli ya kitenzi, mambo ambayo ambatani ya Kiingereza huyaacha gizani. Chukua mfano wa uchimbaji wa mchanga katika mito ya msimu ya Machakos, mchanga ambao hununuliwa kwa ajili ya ujenzi. Tuseme tangazo la Kiingereza lina maneno haya: "because of river damage". Mtafsiri ana njia tatu:

(12) a. kwa sababu ya uharibifu wa mito
b. kwa sababu mito imeharibika
c. kwa sababu mito imeharibiwa

Kirai cha (12a) hakisemi lolote kuhusu mtendaji. Kauli ya kutendeka katika (12b) huonyesha hali bila kumtafuta aliyeisababisha. Kauli ya kutendwa katika (12c) humjulisha msomaji kwamba yupo aliyeharibu, hata kama hatajwi. Katika kijiji ambako wengine hujipatia riziki kwa mchanga na wengine hutegemea mto huo huo kwa maji, tofauti kati ya -haribika na -haribiwa si ndogo. Mtafsiri anapaswa kurejelea matini chasili yote kabla ya kuchagua, asije akamtia mtu hatiani au kumwondolea lawama kwa sababu ya kiambishi.

Pia, kuna wakati kiunganishi cha Kiingereza hutoweka kabisa, kazi yake ikachukuliwa na kiambishi ndani ya kitenzi. "When seed prices rise" huwa "bei ya mbegu inapopanda". "If the maize harvest is poor" huweza kuwa "mavuno ya mahindi yakiwa haba". Mwanafunzi anayeamini kwamba kila kiunganishi cha Kiingereza lazima kipate neno lake la Kiswahili atajaza "wakati" na "kama" mahali ambapo -po- na -ki- zingetosha.

5.0 "NA" NA MAWANDA YAKE

Utata mkubwa zaidi hutokana na kiunganishi "na" kinapokutana na a-unganifu. Katika Kiingereza, nomino kuu ikiwa ya mwisho, nomino fafanuzi mbili huunganishwa kwanza, kisha zote hungojea nomino hiyo: "soil and water conservation". Swali la msomaji wa Kiingereza ni mahali ambapo kirai kimeanzia. Katika Kiswahili nomino kuu imekwisha kutajwa, na swali la msomaji ni mahali ambapo mamlaka yake yanakomea:

(13) Mradi unahusu hifadhi ya udongo na maji.

Sentensi hii ina maana mbili. Yaweza kumaanisha kwamba mradi unahusu kuhifadhi udongo na kuhifadhi maji. Yaweza pia kumaanisha kwamba mradi unahusu mambo mawili: hifadhi ya udongo, na maji, pengine usambazaji wake. Kiswahili kina dawa ya utata huu, nayo ni kurudia a-unganifu: "hifadhi ya udongo na ya maji". Kwa kuwa "ya" ya pili inapatana na hifadhi, maana ya pili inafungiwa mlango.

Hata hivyo, dawa hii haifai kumezwa ovyo. Tazama tangazo lifuatalo la kubuni:

(14) a. Mbegu zitagawiwa wakulima wa mahindi na maharagwe.
b. Mbegu zitagawiwa wakulima wa mahindi na wa maharagwe.
c. Mbegu zitagawiwa kila mkulima wa mahindi au maharagwe.
d. Mbegu zitagawiwa wakulima wanaopanda mahindi pamoja na maharagwe.

Mkulima wa Mumbuni aliyepanda mahindi peke yake akisoma (14a), atajiuliza kama amo au hamo. Sentensi yaweza kuwahusu wale tu wanaopanda mazao yote mawili, na yaweza kuwahusu wapandao zao lolote kati ya hayo. Sentensi ya (14b) huelekea kuyatenga makundi mawili na hivyo kumpa tumaini. Walakini, penye ugawaji wa mali ya umma, kuelekea hakutoshi. Ni (14c) na (14d) zinazokata shauri, kila moja kwa upande wake. Mtafsiri aliyefuata "maize and bean farmers" neno kwa neno ataishia kwenye (14a), naye atakuwa ameuhamisha utata wa Kiingereza bila kuupunguza hata chembe.

Upo utata mwingine unaotokana na a-unganifu kuja mwishoni:

(15) a. wazazi na walimu wa shule hii
b. walimu wa shule hii na wazazi

Katika (15a), "wa shule hii" yaweza kuwafafanua walimu peke yao au pande zote mbili. Kubadilisha mpangilio, kama ilivyofanywa katika (15b), huondoa shaka: shule inawahusu walimu tu. Maswali ya kueleza maana mbili za sentensi yamekuwa ya kawaida katika sehemu ya matumizi ya lugha ya karatasi 102/2 ya mtihani wa KCSE, sehemu ambayo hubeba alama 40 kati ya 80. Mwanafunzi aliyeelewa mawanda ya "na" hana haja ya kukariri majibu.

6.0 UHUSIANO ULIOFICHWA NDANI YA AMBATANI

Jambo la mwisho linahusu maana. Katika ambatani ya Kiingereza, uhusiano kati ya nomino mbili hautajwi. Ukambani kumejengwa mabwawa mengi yaitwayo kwa Kiingereza "sand dams". Bwawa la aina hii halijengwi kwa mchanga. Ukuta wa mawe au zege hukingama mto wa msimu, mchanga uletwao na mafuriko hujikusanya nyuma yake, na maji hujihifadhi katikati ya chembe za mchanga, mbali na jua kali.

Tafsiri ya "bwawa la mchanga" ni fupi, lakini a-unganifu nayo huficha mengi: "nyumba ya mawe" imejengwa kwa mawe, "gunia la mahindi" limejazwa mahindi, "shamba la chifu" linamilikiwa na chifu. Msomaji asiyeyajua mabwawa hayo aweza kudhani kwamba ukuta wenyewe ni wa mchanga. Ni vyema basi, katika matini yanayomlenga msomaji mpya, kutumia maelezo yaliyokamilika mara ya kwanza, "bwawa la kuhifadhi maji mchangani", na kulitumia jina fupi baadaye. Utaratibu huu ni wa lazima zaidi ambatani inapofuata kiunganishi na kupewa mwenzake, kwa mfano "mabwawa ya mchanga na mawe". Kirai hiki hakimwelezi msomaji ni kipi kinachojenga na ni kipi kinachohifadhi.

7.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba ambatani ya Kiingereza inayofuata kiunganishi haiwezi kuhamishwa ilivyo. Mwanafunzi au mtafsiri anayekutana nayo anapaswa kujiuliza maswali manne. Kwanza, nomino kuu ni ipi, ili itangulie na kutawala upatanisho? Pili, ambatani inataja kitu au inaficha tendo, ili ichaguliwe "kwa sababu ya" au "kwa sababu", kirai au kishazi? Tatu, "na" inaunganisha nini na nini, na mawanda yake yanakomea wapi? Nne, uhusiano uliofichwa kati ya nomino hizo ni upi, na je, a-unganifu inatosha kuueleza?

Kwa walimu wa Kiswahili, pendekezo ni kwamba somo hili lianzie kwenye lugha anayoijua mwanafunzi. Darasa lililo na wazungumzaji wa Kikamba lina hazina ya miundo inayotanguliza nomino kuu na kuifuatisha kiungo cha upatanisho. Mwalimu akiweka "kĩw'ũ kya mbua", "maji ya mvua" na "rainwater" ubaoni kwa mfuatano, wanafunzi wenyewe wataona ni lugha ipi iliyo mgeni katika mpangilio huo. Lugha ya mama, ambayo kwa muda mrefu imeitwa chanzo cha makosa, itakuwa imegeuka kuwa shahidi wa usahihi.